Gari Lililokataa Pumzi Yangu

Juma lililopita mliniacha nimelala sakafuni sebuleni, viatu vikiwa miguuni, na mke wangu akinitikisa bega.

"Baba watoto, amka. Mama hapumui."

Asiyekuwepo siku hiyo nitamsogezea kigoda kwa maneno machache. Mimi ni dereva. Zamani nilikuwa dereva wa malori. Pombe ikanishusha kwenye lori, ikamrudisha mke wangu kwa mama yake, ikaniacha na chumba kitupu. Kazi ya kuendesha gari la wagonjwa la zahanati niliipata kwa huruma ya Sista, muuguzi mkuu, na kwa sharti moja. Gari lilifungwa kifaa. Usipokipulizia, gari haliwaki. Ukikipulizia pumzi yenye pombe, kinatoa taa nyekundu na gari linakuwa bati.

Mke wangu alirudi kwa sababu ya kifaa kile. Mama yake naye akaja, eti kusalimia, na hadi leo anasalimia. Kila nilipoingia nyumbani alinikaribisha kwa pua kabla ya mdomo. Ndiyo maana kile kifaa cha kwenye gari nikakipa jina: Mkwe Mdogo.

Tukaishi vizuri, mpaka siku yangu ya mapumziko alipokuja utingo wangu wa zamani, chupa mbili kubwa za pombe kwapani, kuniaga kwamba anahama. Hayo mlishayasoma. Sasa tuendelee.

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Pumu. Kifua chake kilipiga mluzi. Pampu yake ya dawa aliitikisa, akaibonyeza, ikatoa upepo mtupu.

"Twende zahanati," mke wangu akasema. "Mbebe."

Nilinawa uso, nikasukutua, nikainama. Mwanamume kumbeba mama mkwe mgongoni si jambo dogo. Kiti alichokizoea mimi hata sikikalii. Asubuhi ile kidevu chake kilikuwa begani kwangu na pua yake shavuni kwangu, na nilijua ananinusa. Hakusema kitu. Nilidhani ni kwa kukosa pumzi.

Nataka mnielewe jambo moja: sikujiona mlevi. Miguu ilinyooka, macho yaliona mbali, na kichwa kiligonga kidogo tu. Mlevi ni yule anayeyumba. Mimi nilikuwa nimebeba mtu mzima na njia nzima sikujikwaa.

Sista alimsikiliza kifua, akamchoma sindano, akamvutisha mvuke wa dawa kwenye ile mashine yake. Mluzi ukapungua, kisha ukarudi, na kikohozi juu yake.

"Hapa mimi nimefika mwisho," akasema. "Anataka oksijeni, na mtungi wangu umebaki chuma. Apelekwe hospitali, kule ng'ambo ya mlima. Sasa hivi."

"Dereva wa zamu yuko wapi?" nikauliza.

Sista akavuta pazia. Dereva wa zamu alikuwa amelala na dripu mkononi, anatetemeka, blanketi mpaka kidevuni. Akaniinulia kidole gumba.

"Homa imemwangusha tangu jana," Sista akasema. "Bahati nzuri upo wewe." Akanipa funguo.

Nimeshika funguo za malori ya magurudumu ishirini na mawili. Sijawahi kushika funguo nzito kama zile.

Nikaingia kwenye gari. Nikamchukua Mkwe Mdogo, nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikapuliza taratibu, kama mtu anayemdanganya mtoto alale. Nyekundu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, amemkumbatia mama yake. Taa aliiona kabla yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umekunywa lini?"

"Jana. Kidogo tu."

"Jana saa ngapi?"

Hapa ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi bila kuniuliza. "Jioni," nikasema. "Jua linazama mimi nimeshaacha."

Uongo. Nilirudi nyumbani yeye akiwa usingizini, na jogoo wa jirani aliwika nikiwa bado nimekaa kizingitini, naikamua ile chupa ya pili. Nilimwambia yule jogoo anyamaze, asiniamshie watu.

Sista alifika akaitazama taa, akanitazama mimi. Sijui kipi kilikuwa chekundu zaidi.

"Uliacha jioni?"

"Jioni, Sista."

"Kama ni jioni, basi imebaki mkiani. Jua likifika utosini utakuwa umetakata." Akanitazama machoni. "Kama ni jioni."

"Hakuna namna ya kuitoa upesi?"

Kumbe wagonjwa wote wa kwenye benchi walikuwa wanatusikiliza, na kila mmoja alikuwa daktari. Mpe kahawa isiyo na sukari, akasema mmoja. Ndimu na chumvi, akasema wa pili. Mzee mmoja mwenye jipu akasema nikimbie nizunguke jengo, itoke kwa jasho. Dereva wa zamu naye akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia: yeye huwa anakunywa maziwa.

Niliyafanya yote. Msinicheke. Ukiona mke wako amemshika mama yake hivyo, na midomo ya mama inaanza kuwa ya kijivu, utakunywa hata wino. Nilikunywa kahawa ikaniunguza ulimi, nikamumunya ndimu, nikazunguka jengo lile mbio na jipu likinihesabia raundi.

Sista akanikamata shati nilipopita.

"Acha. Ukimpa mlevi kahawa, unapata mlevi aliye macho. Ukimkimbiza, unapata mlevi aliyechoka. Pombe ikishaingia kwenye damu inatolewa na ini, na ini lina mwendo wake mmoja. Halipigiwi honi."

"Basi puliza wewe, Sista. Mimi nitaendesha. Nakuapia niko sawa."

"Hicho kifaa nilikidai mimi. Nikikupulizia leo, nimekiondoa. Na ukikosea kona kule mlimani, nitaletewa maiti watatu badala ya mgonjwa mmoja."

"Basi la asubuhi?"

"Limeshapita."

"Gari la hospitali?"

"Nimepiga simu. Limekwenda upande wa pili, halirudi mpaka jioni. Na pikipiki usiitaje, hawezi hata kujishikilia."

Mluzi wa kile kifua ndio uliokuwa unaongea.

"Mimi naweza," mke wangu akasema.

"Unaweza nini?" Sista akauliza.

"Kuendesha."

Sista akanigeukia polepole. Mimi nikatazama chini. Ilikuwa kweli. Kila nilipotumwa kujaza mafuta, nilimpitia mke wangu nikamfundisha kwenye uwanja wa mpira, gari lile lile, tukizunguka magoli mpaka anacheka. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu arudi.

"Ndiyo maana mafuta yangu yanaisha," Sista akasema.

Akamwuliza mke wangu kama amewahi kuendesha barabarani. Akajibu uwanjani tu, gia ya kwanza na ya pili. Leseni hakuulizwa, kila mtu alijua.

Ndani mwanamke akalia. Sista alikuwa na mzazi mezani na mtoto yuko njiani, na alikuwa peke yake. Aliutazama mlango wa kule ndani, akamtazama mama mkwe, na nikaona uso wake unazeeka.

"Mimi sijasikia chochote," akasema. "Simjui anayeendesha. Wewe dereva kaa nyuma umshike akae wima, usimlaze. Na usukani usiuguse." Akamtupia mke wangu chupa kubwa ya dawa ya mikono, ile ya kupaka bila maji. "Kikohozi hicho sikipendi. Kila ukimgusa, mikono."

Mke wangu akapanda, akapuliza. Kijani. Mkwe Mdogo hakumsumbua hata kidogo.

"Klachi," nikasema kutoka nyuma.

"Nimekanyaga."

"Gia ya kwanza. Achia polepole."

Gari likaruka kama mbuzi. Mama mkwe akanigonga kifuani kwa kichwa.

"Polepole nimesema."

"Polepole ipi? Ile uliyonywea?"

Tukatoka langoni tukiruka, wagonjwa wa benchi wakitupungia mikono kama tunakwenda harusini.

Sijawahi kujiona sina kazi duniani kama siku ile. Barabara ile naijua shimo kwa shimo. Najua wapi unaachia mafuta, wapi unakata mapema, wapi lori hukutokea ghafla. Mikono yangu mizima, miguu yangu mizima, na nilikuwa nimekaa nyuma kama gunia, nimemkumbatia mama mkwe ili asianguke, naona makosa yote yanakuja na siwezi kuzuia hata moja. Nilitamani kulia.

"Gia ya pili," nikasema.

"Najua."

"Shimo kushoto."

"Nimeliona." Tukaingia kwenye shimo.

Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kila akivuta pumzi, uso wake ulikuwa hapa, karibu na wangu, na macho yake hayakuniacha. Nikageuza mdomo upande, nikawa napumulia dirishani.

"Mama, tunafika," nikamwambia. Akafumba macho, akafumbua. Hakuniamini, na mimi sikujiamini.

Kwa gia mbili tulitambaa mpaka jua likakaribia utosini, ndipo mlima ukaanza. Mke wangu alikuwa ameinamia usukani, pua kwenye kioo, jasho linamtiririka shingoni. Alikuwa anaweza. Nasema kweli, alikuwa anaweza kuliko utingo wengi niliowafundisha. Tukapita kona ya kwanza, tukapita ya pili, na mimi nikaanza kuahidi mambo kimoyomoyo.

Kwenye kona ya tatu likatokea lori, limejaa magogo, linashuka katikati ya barabara.

"Kushoto, kushoto, breki," nikasema.

Akakanyaga breki. Klachi akaisahau. Lori likapita likituachia vumbi, na injini yetu ikazima.

"Handibreki."

Akaivuta kwa mikono miwili. Gari likasimama mlimani, kimya. Ukimya ule mama mkwe akaujaza: alikohoa mfululizo, akatapika makohozi mazito, yakamwagika kifuani pake na mikononi mwangu.

Mke wangu alishuka mbio na chupa yake, akafungua mlango wa nyuma, akamsafisha mama yake kwa kitambaa, akamfuta mdomo, akamwinua. Alikuwa anasema "pole mama, pole mama" kwa sauti ya msichana mdogo. Kisha akakumbuka neno la Sista. Akamimina dawa ya mikono, akaipaka mpaka viwiko. Akamimina tena. Haraka ikafanya chupa imponyoke, dawa ikamlowesha gauni lote mbele. Hakujali. Akarudi mbio kwenye usukani.

Injini ikizima, kifaa kinataka kupuliziwa upya. Alimchukua Mkwe Mdogo kwa viganja viwili, kama mtu anayekunywa maji ya kisima.

Mimi niliona. Mimi ndiye niliyeambiwa na fundi siku kifaa kinafungwa: usikishike ukiwa na ile dawa mkononi, kitaichukua kama pombe. Nilifungua mdomo niseme subiri. Alikuwa ameshapuliza.

Nyekundu.

Akabaki anaitazama. "Mimi?" akasema. "Mimi sijawahi hata kuonja."

"Si wewe, ni dawa ya mikono. Imetengenezwa kwa pombe, kifaa kimevuta mvuke wake. Ikikauka inaondoka."

"Inaondoka baada ya muda gani?"

"Dakika chache tu. Hiyo iko kwenye ngozi, haijaingia kwenye damu."

"Kwa hiyo yangu inaondoka kwa dakika chache."

"Ndiyo."

"Na yako inalala mpaka kesho yake."

Palikuwa na jambo baya zaidi la kumwambia, na ilibidi nimwambie. Ile taa nyekundu ina hesabu yake. Mara ya kwanza inakusamehe. Mara ya pili inakufungia kidogo, kisha inakupa nafasi. Ya tatu ndani ya siku moja, gari linafungwa mpaka fundi aje na kompyuta yake, na fundi anakaa mjini. Ya kwanza nilikuwa nimeitumia mimi asubuhi. Ya pili ndiyo hii.

"Imebaki moja," nikasema.

Tukasubiri kifaa kifunguke. Mke wangu alisimama nje, akipunga mikono hewani ikauke, akivuta gauni mbali na mwili. Harufu ya ile dawa ilikuwa imejaa gari zima. Barabarani hapakuwa na mtu wala chombo. Jua lilikuwa juu kabisa, vivuli vyetu vimejificha chini ya miguu.

Mluzi wa mama mkwe ukaanza kushuka. Nilifurahi kidogo. Kisha nikaona tumbo lake linavyoingia ndani kila akivuta, na midomo yake, nikaelewa kwamba mluzi umeshuka kwa sababu hewa haipiti.

"Anachoka," nikasema.

Kifaa kikatoa mlio mmoja. Kimefunguka. Mke wangu akakichukua kwa ncha za vidole, akakisogeza mdomoni, akasita. Akanusa viganja vyake. Akanusa gauni lake, lilikuwa bado limelowa.

"Siwezi," akasema. "Nanuka mwili mzima. Kikikataa, mama anafia hapa hapa, na mimi ndiye nitakuwa nimemuua."

"Subiri kidogo tu. Vua hilo gauni la juu, jifute, ukae upande wa upepo."

"Subiri nini? Hebu mtazame."

Nikamtazama. Hakuwa na pumzi ya kuzima mshumaa.

Hapo mke wangu akainua uso, akalitazama jua, kisha akanitazama mimi. Niliona wazo linaingia usoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalikuwa laini.

"Puliza wewe," akasema.

"Mimi?"

"Sista amesema, kama uliacha jioni, jua likifika utosini umetakata. Si ndivyo alivyosema? Jua hilo hapo. Mikono yako haina dawa. Puliza, uchukue usukani, utupeleke. Barabara hii unaijua." Sauti yake ikakatika. "Nimekukasirikia, lakini baadaye. Sasa tuokoe."

Waya wa kile kifaa ni wa kujikunja, unavutika. Aliuvuta juu ya siti mpaka nyuma, akanifikishia Mkwe Mdogo usoni.

Nilihesabu kwa akili, ingawa hesabu haikuhitajika. Jioni mpaka adhuhuri ni sawa. Alfajiri mpaka adhuhuri si sawa, hata ungeliomba ini kwa magoti. Nikipuliza, ni nyekundu ya tatu, na gari hili litasimama mlimani na mama huyu ndani yake. Nisipopuliza, lazima niseme kwa nini.

"Tusubiri ikauke," nikasema. "Wewe ndiye salama zaidi."

"Salama vipi, na mimi nimelowa? Wewe uliacha jioni."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini?"

Kifundo cha mkono wangu kikabanwa. Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa kutoka kifuani kwangu. Alivuta pumzi, haikuingia. Akavuta nyingine, ikaingia robo. Pumzi ile ndogo angeweza kuishi nayo dakika nyingine. Akaitumia kwangu.

"Jogoo," akasema.

"Mama anasema nini?" mke wangu akauliza. "Jogoo gani?"

Macho ya mama mkwe yalikuwa kwangu, makavu, hayana hata hasira. Alikuwa macho alfajiri ile. Dirisha lake linatazama kizingiti. Alinisikia nikimwambia jogoo anyamaze, akanisikia asubuhi nikisema jioni, na njia yote hii alikuwa ananingojea.

"Baba watoto, nakuuliza. Jogoo gani?"

Nikampokonya kifaa mkononi, nikafungua mdomo; kama ni kupuliza au ni kusema kweli, mtasoma juma lijalo.